Mwenye Sura ni Nani?

Mtu akifariki dunia, mali yake huhesabiwa na kugawiwa. Shamba la mikarafuu lina fungu lake, nyumba ina fungu lake, hata sufuria na mikeka huweza kutiwa bei, kila mrithi akapata chake. Lakini viko vitu viwili ambavyo kadhi havikati mafungu: jina la marehemu na sura yake. Vitu hivi hubakia katikati ya ukoo mfano wa kisima cha mtaa. Kila mtu huteka, na hapana ajuaye hasa ni nani mwenye ruhusa ya kukifunua au kukifunika. Tena la ajabu ni kuwa mjukuu, ambaye katika mirathi yetu hana fungu pale penye mwana wa kiume aliye hai, ndiye mara nyingi anayejitwalia picha, akazipanga, akazibandika na kuziandikia maelezo. Swali ninalotaka kulizungumza hapa ni la mjukuu huyo. Anapotengeneza kitabu cha kumkumbuka bibi au babu aliyetangulia, ana haki gani juu ya sura ile, na ana deni gani?

Siku hizi, baada ya arubaini kupita na wageni kurejea makwao, si jambo geni kuona wajukuu wamekaa mkekani na mkasi, gundi na bahasha za picha. Hukusanya kila kilichobakia: picha ya pasipoti, cheti cha ndoa, barua iliyotoka Maskati au Dubai, pindo la kanga, kofia ambayo haijamalizwa kushonwa. Vyote hupangwa katika kurasa nene, chini yake yakaandikwa maneno machache. Wako wazee wanaoliona jambo hili kuwa la kigeni. Mimi sidhani hivyo. Karatasi na gundi huenda zikawa ngeni, lakini nia ni yetu ya zamani. Watu wa pwani wamewahifadhi waliotangulia kwa kuwapa wajukuu majina yao, kwa kuandika shajara za nasaba, na zaidi ya yote kwa kutunga. Mwana Kupona binti Mshamu alipomtungia binti yake utendi mwaka 1858, naye akiwa mgonjwa, alikuwa akitengeneza kwa mkono wake ukurasa wa kukumbukwa. Tofauti yake na bibi zetu wengi ni moja, nayo ni kubwa: yeye aliyachagua maneno yake mwenyewe. Bibi zetu wengi wameacha picha tu, na picha haijui kujieleza.

Hata hizo picha si jambo la jana. Katika Mji Mkongwe wa Zanzibar, akina Gomes walikuwa na studio yao tangu karne ya 19, na Ranchhod Oza akafungua Capital Art Studio mwaka 1930. Kule Lamu, Omar Said Bakor, aliyezaliwa mwaka 1932 na kufariki 1993, alijulikana kwa ufundi wa kukata picha na kuziunganisha upya, mtu akatolewa alipokuwa na kutiwa pengine kabisa. Kwa hiyo mjukuu anayekata na kubandika leo ana watangulizi katika ufundi wake. Lakini aliyekwenda kwa Bakor alikwenda kwa miguu yake, akasema anavyotaka aonekane, akalipa, akaichukua picha yake. Marehemu hakuulizwa. Hapo ndipo ufundi unapokwisha na swali la maadili linapoanza.

Naomba ruhusa ya msomaji nitoe mfano wa nyumbani kwetu, kwani maadili yasiyo na mfano hayana pa kushika. Bibi yetu mzaa mama alifariki akiwa amepindukia miaka 80. Watoto na wajukuu wake wametawanyika: wengine Unguja, wengine Maskati, wengine Uingereza. Ikaamuliwa kitengenezwe kitabu chake, kila tawi la ukoo lipate nakala. Mama mkubwa, mshika funguo za sanduku, alipolifungua aliikuta chini kabisa, ndani ya kanga iliyokunjwa, picha moja ya studio. Mimi sijaiona, nasimulia nilivyoambiwa naye. Bibi yumo peke yake, msichana wa miaka 18 au 19, amevaa gauni la mikono mifupi, kichwa wazi, nywele zimesukwa na kutiwa asumini. Nyuma yake kwa herufi za Kiarabu kumeandikwa kwa Kiswahili kwamba picha hiyo ni ya shoga yake, aitazame yeye peke yake.

Iliwezaje kurejea sandukuni mwa bibi? Mama mkubwa alikijua kisa chake. Shoga yule alipofariki, mabinti zake waliikuta miongoni mwa vitu vya mama yao, wakaisoma nyuma, wakaifunga katika kitambaa na kuipeleka kwa bibi. Hawakuibandika katika albamu yao, ijapokuwa ilikuwa kumbukumbu ya mama yao pia. Waliiona kuwa ni amana, na amana hurejeshwa kwa mwenyewe.

Ugomvi ukaanza. Binamu yangu aliyezaliwa Uingereza, binti wa mama mdogo, aliomba picha ile iwekwe ukurasa wa mwanzo. Hoja yake haikuwa ya upuuzi, na ningemdhulumu kama ningeipunguza nguvu. Aliniambia kwa simu, “Kaka, wanangu wanamjua bibi kama mzee mgonjwa kitandani tu. Wataamini vipi kuwa naye alikuwa kijana, akajipamba, akacheka?” Kisha akaongeza jambo lililonichoma zaidi. Alisema historia ya visiwa hivi imejaa picha za wanaume: masultani, mashehe, wanasiasa, wachezaji mpira, wapiga taarabu na fidla zao. Wanawake wamebaki kuwa kivuli nyuma ya mlango. Kila familia ikisema sitara, sitara, mwisho itakuwa kana kwamba hawakuishi.

Mama mkubwa hakuwa na maneno mengi. Alisema, “Wanangu, mama alisema na mtu mmoja. Nyinyi si yule mtu.”

Watu wengine walidhani suala hili ni la halali na haramu. Silo. Mimi ni mjukuu wa damu. Kuuona utosi wa bibi yangu si jambo la kukatazwa, na nilimwona hivyo mara nyingi akikaushwa nywele uani. Wajukuu wa kike ndio kabisa. Iwapo tungeulizia ruhusa tu, tungeipata, na kitabu kingekwisha siku ile ile. Lakini ruhusa na haki si kitu kimoja. Sheria inanionyesha nisivyokatazwa kutazama, hainiambii nilichoahidiwa. Neno lililoandikwa nyuma ya picha ni wasia mdogo wa mtu aliyekuwa na akili zake timamu, aliyejua anachotaka na nani amtakaye. Kifo hakikuufuta. Pengine kimeutia nguvu zaidi, maana aliye hai aweza kubadili nia yake, lakini marehemu amekwisha kusema.

Hapo binamu akanirejesha kwa Mwana Kupona, naye alifanya vyema. Utendi ule, alisema, ulikuwa nasaha ya mama kwa bintiye chumbani. Kama binti angeufunga katika kanga na kuuficha sandukuni, leo tungesoma nini? Tungekosa moja ya nguzo za fasihi yetu. Hoja hii yataka jibu la haki, na jibu limo katika utendi wenyewe. Mwana Kupona aliuanza kwa bintiye, lakini kabla ya kumaliza aliwaita wanawake wengine nao wasome wafahamu, na mwaka wake akautaja. Mlango aliufungua mwenyewe. Bibi yetu aliufunga, akaandika juu yake kuwa umefungwa. Kumfuata mmoja hakutupi idhini ya kumfanyia hivyo mwingine. Wote wawili tunawatii kwa kushika kila mmoja neno lake.

Bado linabaki lile la kivuli nyuma ya mlango, na hilo sitaki kulipita kwa haraka. Ni kweli kwamba neno sitara limetumika mara nyingi kuwafuta wanawake badala ya kuwahifadhi. Dawa yake hata hivyo si kuwatoa nje kwa nguvu wakiwa hawawezi tena kusema hapana. Dawa ni kuyaandika yale waliyoyafanya wazi, ambayo hatuyaandiki kwa uvivu. Bibi yetu alishona kofia za kiua kwa zaidi ya miaka 50. Kofia moja humchukua mshonaji wiki nyingi, pengine miezi, tundu kwa tundu, kila tundu likizungushwa uzi. Kwa sindano ile alisomesha watoto watatu, akalipa nauli ya mmoja wao kwenda ng'ambo, na akanunua mlango wa nyumba ambayo sote tumeuingilia. Katika rasimu ya kwanza ya kitabu, iliyopangwa na vijana, hapakuwa na ukurasa hata mmoja wa kofia. Palikuwa na maua ya kuchora, nyoyo nyekundu na maneno ya mapenzi. Basi ni nani hasa aliyekuwa akimficha bibi: yule anayeifunga picha moja katika kanga, au sisi tuliosahau kazi ya nusu karne?

Kisa cha pili kilitokea katika kitabu hicho hicho, nacho kilitupeleka njia nyingine kabisa. Ipo picha ya ukoo iliyopigwa uani katika miaka ya 1950. Wamo watu 11. Pembeni, nusu yake imeliwa na ukingo wa karatasi, amesimama mwanamke aliyempakata mtoto mchanga. Wajukuu waliorodhesha majina ya watu 10, na wa 11 wakamwita “mtu wa nyumbani”. Mmoja alishauri pembe ile ikatwe ili ukurasa upendeze. Nilipomuuliza mama mkubwa, alinyamaza muda mrefu. Mtoto yule mchanga alikuwa ni yeye mwenyewe, na mwanamke yule ndiye aliyemlea.

Jina lake alilijua vizuri. Alinyamaza kwa sababu jina lingefuatiwa na swali la wapi alikotoka, na mama yake mwanamke yule alikuwa mtumwa. Utumwa ulifutwa kisheria Zanzibar mwaka 1897, lakini jambo lililofutwa katika sheria halifutiki upesi katika ndimi za watu. Wajukuu wa yule mlezi wako, ni majirani, ni watu wenye heshima zao. Kumtaja ilionekana kama kumwaibisha. Kumwacha bila jina ilionekana kama adabu.

Hebu msomaji awaweke wanawake wawili hawa pamoja. Mmoja aliomba asionekane, na tulikuwa tukimshurutisha aonekane kwa kuwa alikuwa kijana na mzuri. Wa pili hakuomba kufichwa, na tulikuwa tayari kumkata kwa mkasi kwa kuwa alikuwa pembeni. Sitara tuliyomnyima wa kwanza tulimtwika wa pili. Hapo nilitambua kwamba kufunua si wema peke yake wala kufunika si wema peke yake. Kipimo kiko kwingine: ni matakwa ya nani yanayofuatwa, na ni nani anayefaidika? Tukiifunua picha ya bibi, wafaidika ni sisi. Tukilificha jina la mlezi, wafaidika ni sisi vilevile, maana aibu tuliyoiogopa ilikuwa yetu zaidi kuliko yake. Dhuluma haikumo kwa aliyezaliwa na mtumwa. Ilikuwamo kwa aliyemmiliki.

Tulifanya lile ambalo kwa marehemu haliwezekani lakini kwa walio hai lawezekana: tuliuliza. Mama mkubwa alikwenda mwenyewe kwa wajukuu wa mlezi wake na picha mkononi. Ikawa kwamba wao hawakuwa na picha yoyote ya bibi yao. Waliomba mambo mawili tu. La kwanza, wapewe nakala, nayo isikatwe. La pili, jina liandikwe kamili pamoja na kazi yake. Habari za asili watazisimulia wenyewe, kwa watu wao, kwa wakati wao. Ndivyo ilivyoandikwa. Jina hilo silitaji hapa, kwa sababu ruhusa tuliyopewa ni ya ukurasa ule, haikuwa ya jarida hili.

Lipo jambo la tatu, nalo ni la zama zetu. Programu za kompyuta sasa zaweza kuipaka rangi picha iliyokuwa nyeupe na nyeusi, kuijaza palipochanika, hata kumfanya marehemu apepese macho na kutabasamu. Katika vitu vya bibi imo picha ya harusi yake ya kwanza, ndoa ambayo haikudumu. Bwana harusi amekatwa kwa mkasi. Umebaki mkono wake tu juu ya mgongo wa kiti. Kijana mmoja wa ukoo, kwa nia njema, aliiagiza programu ilijaze pengo lile. Akatokea bwana mwenye kanzu, kofia na uso mzuri, asiyezaliwa na mama yeyote. Watoto walifurahi. Mama mkubwa akasema, “Huyu hatumjui, na mama alimkata asiyemtaka. Nani amemwambia amrejeshee mwingine?”

Sina chuki na mashine hizi. Picha iliyoliwa na kuvu huweza kusafishwa, na maandishi yaliyofifia yakasomeka tena. Huo ni msaada. Lakini kuna tofauti kati ya kupangusa vumbi na kuumba mtu. Pengo la mkasi lilikuwa kauli. Ndiyo sentensi pekee ambayo bibi aliiandika juu ya ndoa ile, kwani kwa mdomo hakupata kuisema. Mwenye kulijaza amemfumba mdomo mara ya pili. Na ukurasa wa marehemu ukishaingiwa na uso mmoja wa uongo, nyuso nyingine zote huanza kutiliwa shaka. Mtoto atakayekifungua baada ya miaka 40 atajuaje yupi alikuwa mtu na yupi alikuwa pambo?

Kwa sababu hiyo hiyo vitu vyenyewe vinahitaji heshima. Hewa ya visiwani ina chumvi na unyevu. Kuvu na mchwa hawana huruma. Albamu zile za karatasi ya kunata yenye utando wa plastiki huziuma picha polepole, na siku ya kuzitoa hutoka vipande vipande. Picha nyingi za rangi za miaka ya 1970 zimegeuka nyekundu, ilhali za nyeupe na nyeusi za kabla yake bado zimesimama. Basi inafaa kitabu kitengenezwe kwa nakala, na asili zitiwe katika bahasha za karatasi, mahali pakavu, jina na mwaka yakiandikwa nyuma kwa penseli laini. Asiyejulikana aandikwe kuwa hajulikani. Habari iliyotoka kwa mtu mmoja iandikwe kuwa imetoka kwake. Baada ya Mapinduzi ya Januari 1964 watu wengi waliondoka, na picha zao zikasafiri au zikabaki bila majina. Tumekwisha kuona jinsi sura isiyo na jina inavyogeuka karatasi tupu katika kizazi kimoja. Kukata picha ya asili kwa ajili ya urembo wa ukurasa ni kula mbegu.

Wapenzi wa ushairi hawatashangaa nikisema kwamba jambo hili tumekwisha kufundishwa na malenga wetu. Mshairi wa pwani hujua kufumba. Huweka neno mbele ya watu wote, kila mtu akaliona, na maana yake ikabaki kwa aliyekusudiwa. Msikilizaji mwingine hukaa na heshima ya kujua kwamba kuna kitu hapo, wala hadai afunguliwe. Siri ya mtungi aijuaye ni kata. Kufumba namna hiyo hakumnyimi mtu ukweli; kunampa ukweli pamoja na mipaka yake. Ukurasa wa marehemu waweza kufanya hivyo hivyo.

Katika kitabu cha bibi yetu, ukurasa wa tatu una mistari minne tu. Inaeleza kuwa ipo picha yake ya ujana, kwamba alimpa shoga yake, kwamba mabinti wa shoga waliirejesha, na kwamba inatunzwa na binti yake mkubwa. Picha yenyewe haimo. Binamu yangu aliukubali ukurasa huo kwa shingo upande, na sidai kuwa nimemridhisha. Yeye bado anaona tumewanyima watoto kitu, na kweli tumewanyima. Kila amana ina gharama, na gharama hii wameilipa watoto ambao hawakuifanya ahadi. Ninachoweza kuwaambia ni kuwa wamepata badala yake jambo ambalo sura nzuri peke yake isingewapa: wamejua kwamba bibi yao alikuwa na shoga aliyempenda kiasi hicho, na kwamba neno lake lilitunzwa na watu wa nyumba mbili, hata alipokuwa hayupo tena kulidai.

Anayetengeneza kurasa za marehemu, basi, si mrithi wala si hakimu. Ni mshika amana kwa muda, mpaka amkabidhi mwingine. Na ajue kwamba baada yake atakuja mjukuu mwingine na mkasi, na kwamba sura itakayokuwa mkekani siku hiyo itakuwa yake yeye.